Kamba Hukatikia Pembamba: Somo la Winchi ya Kuchomoa

Ndugu msomaji, kama umezaliwa Amu mjini huenda ukacheka ukiona kichwa cha makala haya. Sisi na magari wapi na wapi? Vichochoro vyetu ni vya punda, na safari zetu ni za mashua. Lakini Lamu si kisiwa peke yake. Ukishuka jeti ya Mokowe umeshaingia bara, na huko gari ndilo chombo. Barabara kuu ya Lamu, Witu hadi Garsen, kilomita 135 hivi, imetiwa lami, ila njia za kando bado ni udongo. Masika yakipiga, udongo ule si mchezo.

Masika ya mwaka 2024 ami yangu, ambaye ni dereva, aliitwa usiku kumchukua mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu. Nilikuwa likizo, nikaandamana naye kama utingo. Tulipokuwa tukirudi, njia ya kando ya Mkunumbi, gari lilizama hadi kwenye ekseli. Ami hakushtuka. Mbele ya gari alikuwa na winchi aliyoifunga mwenyewe. Akanyosha waya, akaufunga kwenye mwembe, akabonyeza swichi. Waya ulikaza, tukasikia mlio, na kumbe kilichotoka si gari bali bampa! Bampa na winchi yake vilikwenda kwenye mwembe, gari likabaki pale pale na mama ndani akiugua.

Hilo ndilo somo la kwanza. Winchi ilikuwa nzima, waya ulikuwa mzima. Pembamba palikuwa kwenye bolti nne ndogo za bampa. Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba, nasi tuliyaona kwa macho yetu.

Tuliokolewa na nini?

Watu wa kijijini walitoka, na kati yao mzee mmoja mvuvi. Alituma vijana wakamletee kapi mbili za mashua yake, kila moja ina magurudumu mawili, na kamba nene. Kapi moja aliifunga kwenye mwembe, ya pili kwenye chesisi ya gari, si kwenye bampa. Kamba akaipitisha mara nne baina yao. Tukachimba tope mbele ya magurudumu, tukatandika matawi, kisha tukavuta.

Hebu tupige hesabu, kwani hapa fizikia na bahari ni kitu kimoja. Tulikuwa watu 12. Tuseme kila mmoja alivuta kwa nguvu ya kilo 30. Pamoja ni kilo 360. Kamba nne zikigawana mzigo, gari linavutwa kwa kilo 1,440, kabla ya kutoa kinachopotea kwa msuguano. Lakini hakuna cha bure: gari likisogea mita moja, sisi tulirudi nyuma mita nne. Kapi haiongezi kazi, inabadilisha tu mwendo kuwa nguvu. Ndivyo mabaharia wetu wanavyopandisha foromali nzito: henza hushika foromali, nayo jarari hupitishwa kwenye gofia ili watu wachache waweze. Winchi ni mjukuu wa gofia, ila yeye anakula umeme.

Gari lilitoka, na mama akafika hospitali kabla ya alfajiri. Alijifungua salama.

Namna ya kufunga winchi ya kuchomoa

Baadaye ami alianza upya, mimi nikimshikia spana. Haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, chagua winchi kwa uzito wa gari likiwa na mzigo wake. Zidisha mara moja na nusu. Gari la tani 3 lataka winchi ya tani 4 na nusu. Tena jua kwamba nguvu hiyo ni ya mzingo wa kwanza wa waya kwenye pipa lake. Waya ukirundikana mizingo juu ya mizingo, nguvu hupungua.

Pili, chini ya gari, kwenye chesisi yenyewe, hufungwa mdomo wa chuma wa mraba, wa milimita 50 kwa ndani, kwa bolti ngumu. Mwingine hufungwa nyuma. Winchi hukalishwa kwenye kitanda cha chuma chenye mkia wa mraba. Mkia huingia mdomoni, pini nene hupitishwa ubavuni, na kipini kidogo huizuia isitoke. Hivyo winchi moja huvuta mbele au nyuma.

Tatu, umeme. Winchi kama hiyo ikivuta kwa nguvu zake zote hula ampea 400 hivi kwenye betri ya volti 12. Taa moja kubwa ya gari hula 5 tu. Kwa hiyo waya za betri ziwe nene, ziwe na kikata umeme karibu na betri, na ncha za kuchomeka zenye kifuniko. Injini iwe inanguruma wakati wa kuvuta, la sivyo betri itakufa.

Nne, vuta kwa mstari ulionyooka. Mkia wa kuchomeka haupendi kuvutwa upande, unaweza kupinda. Gari likizama sana, tumia kapi ili mzigo ugawanyike. Mti ufungwe kwa mkanda mpana, usiukate maganda kwa waya.

Tano, roho yako. Vaa glavu. Tupia gunia zito au blanketi juu ya waya, uanguke chini ukikatika. Usiuruke waya uliokaza, na watu wakae mbali kuliko urefu wake. Usimalize waya wote. Acha mizingo mitano kwenye pipa.

Kwa nini ya kuchomoa? “Mwanangu,” ami aliniambia, “chumvi ya huku haina huruma.” Winchi ikikaa nje mwaka mzima upepo wa bahari huila. Hii huiosha kwa maji matamu, akaipaka grisi na kuiweka ndani hadi masika. Springi za mbele nazo hupumzika.

Wenzangu, chombo hakiwi na nguvu kuliko kile kilichokishika. Kabla ya kuuliza winchi inavuta tani ngapi, inama chini ya gari uangalie imefungwa wapi.

Zoezi: Watu 8 wanavuta mashua pwani, kila mmoja kwa kilo 25, kwa kapi zenye kamba nne. Tukiacha msuguano, mashua inavutwa kwa kilo ngapi? Na ikisogea mita 3, wao watavuta kamba mita ngapi?