Bega Linapouma: Je, Ni Lazima Kisu au Sindano?

Kabla ya kuendelea kusoma, msomaji, jaribu jambo moja. Inua mkono wako wa kulia hadi juu ya kichwa, kisha uushushe na kuupeleka nyuma ya mgongo kama mtu anayetaka kujikuna. Ikiwa umefaulu bila kukunja uso, una bahati. Wako wengi katika miji yetu ya Meru na Embu wasioweza. Mwalimu aliyeandika ubaoni kwa miaka 20, msusi ambaye mikono yake hukaa juu tangu asubuhi, hamali wa soko la Gakoromone, mama anayechuma majani chai, na hata karani asiyebeba kitu kizito kuliko faili, wote hufika kliniki na lalamiko moja: "Daktari, bega limekataa."

Wengi wao huwa wamekwisha kutumia pesa nyingi. Wamedungwa sindano hapa na pale, wamepigwa picha, na wengine wameanza kuchangisha jamaa ili wakafanyiwe upasuaji Nairobi. Wiki hii tutazame matibabu hayo na tuulize ni yapi yaliyopimwa na watafiti yakaonekana kufaa kweli.

Kwanza tulielewe bega lenyewe. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kama mpira uliowekwa juu ya kisahani kidogo. Kinachouzuia mpira huo usiponyoke ni misuli minne midogo ambayo kano zake huuzunguka na kuushika. Juu ya kano hizo kuna mfupa uliokaa kama paa. Mtu anapoinua mkono, kano hupita chini ya paa hilo, na hapo ndipo maumivu mengi ya bega hutokea, hasa kwa watu waliopita umri wa miaka 40.

Mwaka wa 1972 daktari wa upasuaji wa Marekani, Charles Neer, alieleza kwamba paa hilo husugua kano na kuzila. Dawa yake ilikuwa kuparuza mfupa ili nafasi iongezeke. Maelezo hayo yalikubalika mara moja kwa kuwa yaliingia akilini, na kwa miongo kadhaa wagonjwa wengi sana ulimwenguni walipasuliwa kwa njia hiyo.

Upasuaji wa kuigiza

Watafiti wa Uingereza waliamua kuijaribu imani hiyo. Waliwachukua wagonjwa 313 katika hospitali 32, wote wakiwa wameumwa kwa miezi mitatu au zaidi, wakawagawa kwa kura katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilifanyiwa upasuaji kamili. Kundi la pili lilitiwa usingizi, likachanjwa ngozi na kuingizwa kamera ndogo begani, lakini hakuna mfupa ulioguswa. Wagonjwa wa makundi hayo mawili hawakuambiwa ni nani aliyefanyiwa nini. Kundi la tatu halikufanyiwa chochote ila kuangaliwa.

Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwishoni mwa mwaka wa 2017. Baada ya miezi sita, waliopasuliwa kikamilifu hawakuwa na nafuu kuliko waliofanyiwa maigizo. Makundi hayo mawili yaliwashinda kidogo wale ambao hawakutibiwa, lakini tofauti yenyewe ilikuwa ndogo mno hata mgonjwa asingeihisi sana maishani mwake. Mwaka uliofuata watafiti wa Finland, waliowafuatia wagonjwa 210 kwa miaka miwili, walipata jibu lilo hilo. Mwaka wa 2019 jopo lililokutanishwa na jarida la BMJ likatoa ushauri mkali kwamba upasuaji huo usifanywe kwa maumivu ya aina hii.

Huenda ukauliza, "Mbona picha yangu ilionyesha kano imechanika?" Swali zuri. Mwaka wa 2011 watafiti wa Marekani waliwapima kwa mawimbi ya sauti wanaume 51 wa umri wa miaka 40 hadi 70 ambao mabega yao hayakuuma hata kidogo. Asilimia 96 walikutwa na kasoro fulani. Kano huchakaa kama nywele zinavyotoka mvi, na si kila mvi ni ugonjwa. Kwa hiyo picha peke yake isikutie hofu, wala isikutoe pesa mfukoni kabla daktari hajaushika mkono wako na kuupima.

Mazoezi, lakini mangapi?

Ikiwa kisu hakisaidii, je, mazoezi? Hapa kuna habari njema kwa mtu anayeishi Runyenjes au Maua, ambaye nauli ya kumfikia mtaalamu wa viungo kila wiki ni mzigo. Utafiti mwingine wa Uingereza, uliochapishwa mwaka wa 2021, uliwahusu watu 708. Nusu yao walimwona mtaalamu wa viungo hadi mara sita. Nusu nyingine walimwona mara moja tu, wakapewa mawaidha mazuri na mazoezi mepesi ya kufanyia nyumbani. Baada ya mwaka mmoja hapakuwa na tofauti kati yao. Baadhi ya watu katika makundi yote mawili walidungwa sindano ya steroidi begani. Hiyo ilileta nafuu kidogo katika wiki nane za kwanza, lakini mwaka ulipotimia haikuwa na faida yoyote.

Basi muone mtaalamu huyo angalau mara moja, katika hospitali kuu ya Meru au ya Embu, akufundishe vizuri, kisha kazi iliyobaki ni yako. Simama ukiinamia meza, uache mkono unaouma uning'inie, uuzungushe polepole. Simama mbele ya ukuta na kupandisha vidole kama buibui hadi pale unapoweza kuvumilia. Nguvu zikirudi, funga kipande cha mpira wa baiskeli kwenye kitasa cha mlango, bana kiwiko ubavuni, na kuuvuta ukielekea nje. Maumivu kidogo wakati wa mazoezi si hatari mradi yatulie kufikia kesho yake. Yakizidi, punguza lakini usiache. Kuufunga mkono kwa kitambaa wiki nzima kwa kuogopa kuutumia ndiko kunakoongeza ugumu.

Kazi nayo irekebishwe. Msusi akae juu ya kiti kirefu na mteja akae chini. Hamali apunguze kwa muda magunia ya kurusha juu ya lori, maana kuinua mzigo kupita kimo cha bega ndiko kunakolichosha zaidi.

Kuna bega la aina nyingine, linaloganda. Huanza kwa maumivu makali ya usiku, kisha mkono hukataa kugeuka hata mtu mwingine akijaribu kukusaidia. Hili huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, na wenye kisukari kuliko wengine. Mimi humpima sukari kila mgonjwa wa namna hii, na wapo wanaoijua sukari yao kwa mara ya kwanza kupitia begani. Mwaka wa 2020 Waingereza walilinganisha njia tatu kwa wagonjwa 503: upasuaji, kunyoosha bega mgonjwa akiwa amelala kwa dawa, na fiziotherapia pamoja na sindano. Makundi yote yalipata nafuu kubwa katika mwaka mmoja, na hakuna njia iliyoishinda nyingine kwa kiasi cha maana. Ugonjwa huu unaweza kuchukua miaka miwili au zaidi, kwa hiyo kubadilisha daktari kila mwezi ni kujichosha bure. Mwenye kisukari akidungwa steroidi ajue kwamba sukari yake inaweza kupanda kwa siku kadhaa, aipime.

Kuhusu vidonge vya diklofenaki na ibuprofeni vinavyonunuliwa dukani kama peremende: vitumie kwa siku chache. Huchimba vidonda tumboni, hudhuru figo na kupandisha shinikizo la damu.

Yote niliyoyasema ni kwa bega la kawaida. Lakini ukianguka kutoka kwenye bodaboda na mkono ukakataa kuinuka, nenda hospitali siku hiyo hiyo, wala usimruhusu mtu kuuvuta kabla ya picha ya eksirei. Bega likivimba na kuwa moto huku una homa, usingoje kesho. Maumivu ya bega la kushoto pamoja na kifua kubana, jasho jembamba na kukosa pumzi yaweza kuwa ni ya moyo. Mwanamke aliyekosa hedhi, anayeumwa na tumbo na ncha ya bega, huenda anavuja damu ndani kwa mimba iliyotunga nje ya kizazi. Huyo atafutiwe gari mara moja, hata kama ni usiku. Na ukiwa na kikohozi kilichopita wiki mbili, unakonda, na bega linauma mchana na usiku bila kujali umeligeuza vipi, mwombe daktari akupime kifua.