Somo la Januari: Lengo la Mwaka Lifuate Msimu

Kila Januari wengi wetu hujiambia maneno yale yale: mwaka huu nitalipa karo mapema, nitaweka akiba, nitafungua biashara. Ni maneno mema. Lakini ifikapo Machi visima vimepungua maji, mifugo imekonda, na lengo limesahauliwa. Si kwamba mkazi wa Buna hana nia. Mara nyingi lengo huanguka kwa sababu lilipangwa bila kuitazama mvua. Somo la mwezi huu linaeleza jinsi ya kupanga lengo linaloweza kuvuka kiangazi.

1. Ujue mwaka wako

Kalenda inasema mwaka umeanza. Kwa mfugaji, Januari ni mwanzo wa Jilaal, kiangazi kikali kinachofika hadi Machi. Kisha huja mvua za Gu, ambazo wanaozungumza Kiborana huziita Ganna, kati ya Machi na Mei. Hufuata ukavu wa Hagaa, halafu mvua za Deyr kuanzia Oktoba hadi Desemba.

Hii ina maana kwamba tunaweka malengo katika wakati ambao nguvu za mifugo zinaelekea kushuka. Mwezi huu, baada ya mvua za Deyr, mbuzi bado ana mwili. Miezi miwili ijayo huenda asiwe nao. Kwa hiyo lengo linalohitaji pesa lifanyiwe kazi sasa, lisingoje "mambo yakae sawa".

Tumeona gharama ya kungoja. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano mfululizo ilikosa mvua ya kutosha. Septemba 2021 ukame ulitangazwa kuwa janga la kitaifa. Kufikia mwisho wake Kenya ilikuwa imepoteza zaidi ya mifugo milioni 2. Wahenga walisema akiba haiozi. Walakini akiba yenye miguu ikikosa malisho hufa.

2. Lengo liwe na hesabu na tarehe

"Nitasomesha watoto" ni nia. Bado si lengo. Tuchukue mfano. Familia ina mbuzi 40 na mtoto mmoja katika shule ya bweni. Tuseme karo ni shilingi 40,000 kwa mwaka: muhula wa kwanza 20,000, wa pili 12,000 na wa tatu 8,000. Tuseme pia mbuzi mwenye mwili mzuri anauzwa shilingi 6,000, na akikonda wakati wa ukame bei inashuka hadi 3,000.

Familia ikiuza mbuzi 6 mwanzoni mwa Januari inapata 36,000. Inalipa 20,000 za muhula wa kwanza na kuweka 12,000 za muhula wa pili, ambao hufunguliwa kabla mifugo haijapata nafuu ya mvua za Gu. Zinabaki 4,000. Mwezi Juni, wanyama wakiwa wamenenepa tena, inauza mbuzi mmoja kwa 6,000. Sasa ina 10,000: inalipa 8,000 za muhula wa tatu na kubaki na 2,000 za dawa ya mifugo. Jumla ni mbuzi 7.

Familia ikingoja ukame iuze kila mnyama kwa 3,000, itahitaji mbuzi 14 kulipa karo ile ile. Tofauti ni mbuzi 7, na hatujahesabu wale watakaokufa.

Hesabu yako itakuwa tofauti na hii. Uliza bei ya soko la karibu nawe, au ya Wajir na Moyale, kisha andika zako. Hakuna anayekuambia uuze jike anayekamuliwa. Anza na madume na majike waliozeeka. Tunajua kundi kubwa ni heshima, lakini heshima hiyo hulindwa vyema na aliyeuza wachache mapema.

3. Pesa iwe na mahali pa kukaa

Pesa iliyoko mfukoni huitwa na kila shida. Siku ya kuuza ndiyo siku ya kuitenga. Unaweza kuiweka kwenye simu, benki, chama cha akiba, au ayuuto. Kama uko kwenye ayuuto, omba zamu yako iangukie mwezi wa karo, badala ya kuichukua tu inapokuja.

Kumbuka pia Ramadhani na Idd. Kwa kalenda yetu ya kawaida, hufika mapema kwa takriban siku 11 kila mwaka. Angalia mwaka huu zinaangukia wapi, kisha uziandikie fungu lake, zisije zikala karo.

4. Amua sasa utakachofanya mvua ikikosa

Mwanasaikolojia wa Ujerumani Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 kwamba mtu hutimiza nia yake vyema zaidi akiamua mapema ni lini na wapi atatenda, kwa mpango wa aina hii: kama jambo hili likitokea, basi nitafanya lile. Mpango huo unatufaa sana sisi, maana uamuzi mgumu ni vigumu kuufanya wakati mifugo tayari inaanguka.

Mifano:
- Kama mvua ya Gu haijanyesha kufikia mwisho wa Aprili, basi nitauza mbuzi 5 wiki hiyo hiyo.
- Kama taarifa ya ukame ikisema hali imezidi kuwa mbaya, basi nitakaa na familia tugawanye kundi.

Taarifa hiyo hutolewa kila mwezi na NDMA, yaani Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame. Hueleza hali ya malisho, umbali wa maji, bei ya mbuzi na bei ya mahindi. Muulize chifu au afisa wa mifugo akusomee ya mwezi huu.

Iko pia bima ya mifugo, inayopima malisho kwa setilaiti na kulipa yanapopungua kupita kiasi. Mwaka 2014 wafugaji wa Wajir walilipwa fidia kupitia bima ya Takaful, inayofuata sharia ya Kiislamu. Bima ya aina hii hununuliwa kabla ya msimu wa mvua, si baada ya ukame kuingia. Uliza mapema.

5. Kwa asiye na mifugo

Kanuni ni ile ile. Muuza maziwa anajua kwamba Jilaal hupunguza maziwa, basi aweke akiba ya miezi hiyo wakati wa Deyr. Kijana aliyefika miaka 18 anaweza kuanza na lengo moja: kitambulisho, maana bila hicho hata kusajili laini ya simu kwa jina lake ni taabu. Februari 2025 Rais William Ruto alitia saini mjini Wajir tangazo la kukomesha mchujo wa ziada kwa waombaji wa kaunti za mpakani. Asiseme "mwaka huu". Aseme: "Jumatatu ijayo nitapeleka cheti changu cha kuzaliwa kwa chifu."

Zoezi la nyumbani

Kaeni pamoja, baba, mama na watoto wanaojua kuandika. Katika ukurasa mmoja wa daftari andikeni:
1. Lengo moja la mwaka, na kiasi chake kwa shilingi.
2. Tarehe ambayo pesa inahitajika.
3. Mtauza au kufanya nini, na wiki gani.
4. Pesa itawekwa wapi, na nani atakumbusha.
5. Kama mvua ikikosa, basi mtafanya nini.

Ufungueni ukurasa huo mara nne: sasa, mwisho wa Aprili, mwezi Juni na mwanzo wa Oktoba. Lengo likiyumba, rekebisheni hesabu, msilitupe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa mwaka huu unaonekana tangu mwezi huu.