Dada, Mbona Nacheka Msibani?

Haya wadogo zangu, vuteni viti. Barua za safari hii nimeshindwa kuzitenganisha, maana naona zote zinauliza jambo moja. Binti mmoja wa Kashai anasema kila mama yake akimgombeza, yeye anatabasamu, na tabasamu hilo limeshamponza mpaka anaitwa jeuri. Kijana wa Kamachumu alishikwa na kicheko makaburini, udongo ukiwa bado unamwagwa juu ya jeneza la baba yake mdogo, na ukoo haujamsamehe hadi leo. Mama mmoja wa Muleba ana binti bwenini. Wanafunzi walianza kuanguka wakipiga kelele, mmoja baada ya mwingine, na binti yake, ambaye asubuhi hiyo alikunywa uji wake vizuri, naye akaanguka. "Dada, wamerogwa, wanaigiza, au ni ugonjwa?"

Nianze na wa makaburini, kwa sababu ndiye anayelala vibaya.

Mdogo wangu, hukumdharau marehemu. Tumezoeshwa kuamini kwamba kicheko kinatoka kwenye furaha au kwenye mzaha, na hapo ndipo tunapokosea. Kulikuwa na mtaalamu wa Kimarekani, Robert Provine, ambaye badala ya kukaa maabara akichekesha watu kwa filamu, alikwenda kuwasikiliza wakicheka huko wanakoishi, madukani na njiani. Akakuta kwamba mara nyingi watu hucheka baada ya maneno ya kawaida kabisa, kama "haya, tutaonana baadaye". Mzaha wenyewe ulikuwa sehemu ndogo tu. Akakuta pia kwamba mtu akiwa na wenzake hucheka kiasi cha mara 30 zaidi kuliko akiwa peke yake. Kwa hiyo kicheko ni mambo ya watu na watu, kuliko ya kichekesho. Sasa wewe umesimama katikati ya watu mia, koo limekaza, pumzi umeibana tangu asubuhi, machozi hayaji na kila jicho linakutazama kama utalia. Pumzi hiyo lazima itafute pa kutokea. Kulia na kucheka vyote vinapita kwenye kifua kilekile na koo lilelile, na siku hiyo mlango uliofunguka ukawa ule usiotakiwa.

Tena wazee wetu walilijua hili kabla ya wataalamu. Ndiyo maana sehemu nyingi za Tanzania msiba haukamiliki bila mtani. Mtani anakuja, anamsema marehemu kwa ubahili wake, anajilaza mahali pa maiti, anadai alipwe, na waliofiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Hakuna anayemwita mtani huyo mtovu wa adabu. Kicheko kilipewa mtu wake na wakati wake. Kosa lako, mdogo wangu, ni kwamba ulicheka bila kibali.

Cha kufanya ni hiki. Nenda kwa baba yako mkubwa, usipige simu, nenda kwa miguu yako. Usianze na maelezo ya kitaalamu. Mwambie, "Baba, siku ile nilishindwa kulia." Atakuelewa kuliko unavyodhani. Na ukishikwa tena siku nyingine, kwanza usimtazame yule binamu yako mnayechekaga naye, maana macho yenu yakikutana tu mmekwisha. Pili, toa pumzi nje taratibu kabla hujaivuta. Ikishindikana kabisa, funika uso kwa kitambaa. Mabega yakitikisika watadhani unalia, na huenda baada ya dakika mbili ukawa unalia kweli.

Binti wa Kashai, wako ni mwepesi. Tabasamu lako ni la woga. Hata sokwe mdogo akibanwa na mkubwa huonyesha meno kuomba amani. Tatizo ni kwamba mama haoni woga, anaona meno. Msubiri atulie, jioni mkimenya ndizi, umwambie: "Mama, ukinigombeza huwa sikucheki, naogopa, na uso unafanya hivyo wenyewe." Useme mara moja tu, usibishane. Nanyi kina mama mnaosoma hapa, mtoto anayetabasamu huku vidole vyake vinatetemeka, tazameni vidole.

Sasa mama wa Muleba. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mama yangu, jambo hili lina historia hapo hapo nyumbani kwenu, na dunia nzima inaijua kuliko sisi wenyewe.

Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya kati ya bweni ya wasichana iliyokuwa chini ya misheni pale Kashasha, wasichana watatu walianza kucheka. Wakashindwa kuacha. Kicheko kikageuka kilio, kilio kikarudi kuwa kicheko. Kilikaa dakika chache au saa kadhaa, kikapoa, kisha kikarudi, na kwa wengine hali hiyo ya kuja na kuondoka iliendelea hadi siku 16. Waliozuiwa kwa nguvu walipambana. Baadhi walisema wanaogopa, kuna mtu anawakimbiza. Shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wameshapatwa. Walimu walikuwa watano, Wazungu wawili na Waafrika watatu. Hakupatwa hata mmoja.

Wasichana wakarudishwa makwao, na jambo likaenda nao. Huko Nshamba, walikotoka baadhi yao, watu 217 walipatwa mwezi wa Aprili na Mei, wengi wao vijana na watoto wa shule. Kashasha ikafunguliwa tarehe 21 Mei, wakapatwa wengine 57, ikafungwa tena mwisho wa Juni. Mwezi huohuo wa Juni, shule ya wasichana karibu na mji wa Bukoba, ambayo madaktari waliiandika Ramashenye na mtu wa Bukoba ataisoma Rwamishenye bila kuulizwa, iliwapata 48 kati ya 154. Kwa jumla inasemwa shule 14 zilifungwa na watu wapatao 1,000 waliguswa kabla ya mambo kutulia. Wenyeji waliupa jina la Kihaya lenye maana ya ugonjwa wa kucheka. Hakuna aliyekufa.

Madaktari wawili, Rankin na Philip, walichunguza na kuandika ripoti iliyochapishwa mwaka 1963. Walipima damu, wakapima maji ya uti wa mgongo, wakatazama chakula kama kina sumu. Hawakukuta kitu. Wakasema ni hali ya akili iliyoambukizana kwa watu kuonana, bila kijidudu.

Mkisikia mtu anasimulia kwamba Tanganyika nzima ilicheka mwaka mzima bila kupumzika, mchekeni huyo. Hakuna kifua cha kuweza kazi hiyo. Kicheko kilikuwa kinakuja kwa mawimbi, mtu huyu leo, yule wiki ijayo, kijiji hiki, shule ile. Na neno "kicheko" lenyewe linawadanganya watu waone sherehe, wakati ukisoma dalili zenyewe unaona watoto walioshikwa na hofu.

Kwa nini wao? Fikiria mwaka wenyewe. Uhuru ulikuwa umepatikana tarehe 9 Desemba 1961, haijatimia hata miezi miwili. Msichana wa Kihaya aliyefika bwenini wakati ule alikuwa amebeba matumaini ya ukoo. Nyumbani wanauza kahawa alipe ada, shuleni kuna kengele, sheria na Wazungu, na nje taifa jipya linasema kesho ni yenu. Christian Hempelmann, aliyelipitia upya jambo hili mwaka 2007, naye aliona mkazo wa namna hiyo ndio ulikuwa chini ya kicheko. Msichana wa miaka 13 atamwambia nani kwamba amelemewa? Akilalamika, ni mvivu. Akilia, anadeka. Akiumwa, ndipo anarudishwa nyumbani. Sisemi alipanga. Mwili haumwombi mwenyewe ruhusa.

Ripoti ilisema kwamba watu wenye elimu na hadhi hawakupatwa, na unasikia kidogo sauti ya daktari anayedhani elimu ndiyo kinga. Mimi nina maoni yangu. Mwalimu, mkuu wa kijiji na polisi wana mahali pa kusemea, na wakisema wanasikilizwa. Mwanafunzi wa bweni ana kitanda na sanduku. Kwa hiyo kabla hatujasema "wasichana ni dhaifu", tuulize nani bwenini ana haki ya kusema hapana.

Wala si mambo ya zamani. Oktoba 2023 huko Kakamega, Kenya, katika shule ya wasichana ya Eregi, zaidi ya wanafunzi 90 walipelekwa hospitali miguu ikiwa haina nguvu, wengine wakitetemeka. Video zikazagaa kabla hata ya majibu ya vipimo. Maofisa wa afya walipochunguza waliegemea kwenye mkazo wa akili ulioambukizana. Hapa kwetu tunasema "wamepandisha mapepo", anaitwa mchungaji, anaitwa shehe, na bibi mmoja jirani na shule anaanza kutazamwa vibaya. Hilo la mwisho ndilo linaloniogopesha. Kanda yetu ya Ziwa imeshazika vikongwe wengi waliouawa kwa sababu ya macho mekundu ya moshi wa kuni. Mtoto ameanguka bwenini, na bibi wa watu anakosa usingizi kijijini. Kataeni, waitu.

Basi mama, swali lako: wamerogwa, wanaigiza, au ni ugonjwa? Kurogwa, hapana. Kuigiza, hapana pia, na usimruhusu mwalimu akuambie hivyo. Binti yako aliona rafiki yake ameanguka, moyo ukaenda mbio, pumzi zikawa fupifupi, vidole vikafa ganzi, akasema moyoni "na mimi tayari", akaanguka. Miayo inaambukiza vilevile. Mmoja kanisani akipiga, benchi zima linafuata, na hakuna anayewaita waigizaji.

Lakini usikimbilie jina hilo kabla ya hospitali. Malaria ikipanda kichwani humfanya mtu aseme ovyo. Kifafa huangusha. Jiko la mkaa lililowashwa ndani ya bweni lililofungwa madirisha linaweza kuwaangusha wote kwa moshi usioonekana, na hilo huua. Chakula kibaya nacho kipo. Kwa hiyo kwanza wapimwe, hasa mwenye homa, mwenye kutapika, mwenye kupoteza fahamu kabisa. Daktari akisema hakuna kitu mwilini, mwamini, wala usizunguke na mtoto hospitali nne, maana kila sindano inamwambia mtoto kwamba kuna jambo kubwa linafichwa.

Walimu na matroni, ninyi ndio mnaoweza kuzima au kuwasha. Anayeanguka aondolewe mbele ya wenzake kimyakimya, apelekwe chumba kingine na mtu mzima mmoja aliyetulia, asaidiwe kupumua polepole. Msiwalaze wote ukumbi mmoja wakitazamana. Msikusanye shule nzima kwa maombi ya kelele siku hiyohiyo. Kusali salini, mkiwa watulivu na wachache. Fimbo iwekeni mbali kabisa, haijawahi kumponya mtu woga. Waliobaki wapeni kazi na chakula kwa saa yake, siku iende kama siku nyingine. Kisha, baada ya wiki, kaeni na wasichana bila daftari la makosa mkononi, muwaulize: maji yapo, kuna anayewaonea, kuna mwalimu anayewasumbua, mtihani umewatisha kiasi gani? Mengine mtakayosikia hayatawafurahisha.

Nawe mama, binti akirudi nyumbani usimwonyeshe kwa wageni kama kioja, "huyu ndiye aliyepandisha". Msimulie jirani kitu kingine. Mpe kazi alizozizoea, aende shambani, alale vya kutosha. Jioni mwulize habari za shule na unyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu, najua. Akisema anaonewa, lifuatilie kwa mwalimu wa malezi, na kama kuna jambo zito linalomhusu mtu mzima wa shuleni, kuna namba 116, simu ya msaada kwa watoto, haina malipo.

Mabinti wenyewe, mnaosoma hii kwa kuibana chini ya dawati: ukiona mwenzako anaanza, usimkimbilie ukipiga kelele, na usibaki kutazama. Mwite matroni, toka nje, vuta hewa, osha uso. Na kama una jambo kifuani, liseme likiwa bado dogo, kwa mtu mzima yeyote unayemwamini hata mmoja. Niandikieni na mimi, majina siandiki.

Jambo la mwisho ni kwa wenye simu. Video za wasichana wanaoanguka, sketi zimepanda, sura zinaonekana, zimejaa kwenye makundi yetu ya familia, na kila anayezituma anaandika "tuwaombee". Mtoto yule atakua, ataomba kazi, ataolewa, na video itamtangulia. Kama unayo kwenye simu yako, ifute sasa hivi.