Somo la Afya: Namba Moja ya Presha ya Macho Haitoshi



Siku ya kupima macho, iwe Njombe mjini au Makambako, watu hujitokeza kwa wingi. Mzee akiambiwa kuwa presha ya macho yake ni 19, naye amesikia kwamba kiwango cha kawaida ni kati ya 10 na 21, hurudi nyumbani na amani. Katika somo hili tunaeleza kwa nini amani hiyo inaweza kuwa ya mapema mno.

GLAKOMA NI NINI?

Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa na kutoka wakati wote. Yasipotoka vizuri presha hupanda, na mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo huumia. Kwa kawaida mgonjwa hasikii maumivu. Hupoteza kwanza uoni wa pembeni, bila kujua. Mtoto wa jicho akiondolewa kwa upasuaji, mtu huona tena. Lakini uoni uliopotea kwa glakoma haurudi.

Ugonjwa huu si wa mbali. Utafiti uliofanyika Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000, uliwapima watu 3,268 wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Karibu 4 kati ya kila 100 walikuwa na glakoma.

UNENE WA KONEA

Konea ni kioo angavu kilicho mbele ya jicho. Unene wake katikati ni kama nusu milimita. Vipimo vingi vya presha hufanya kazi kwa kuibonyeza. Hans Goldmann wa Bern, Uswisi, aliyetengeneza kipimo maarufu miaka ya 1950, alichukulia unene wa milimita 0.52 hivi. Lakini watu hatufanani.

Fikirini fundi baiskeli anayebonyeza tairi kwa dole gumba. Tairi nene huonekana gumu hata upepo ukiwa kidogo. Tairi jembamba hubonyea hata likiwa limejaa. Ndivyo ilivyo kwa jicho. Tuseme akina mama wawili wote wamepata 19. Mmoja ana konea ya milimita 0.60, mwingine 0.49. Huyu wa pili huenda presha yake halisi iko juu kuliko namba aliyopewa.

Utafiti mkubwa wa Marekani uliofuatilia watu 1,636 wenye presha ya juu ulionyesha mwaka 2002 kuwa wenye konea nyembamba walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata glakoma. Washiriki wenye asili ya Afrika walikuwa na konea nyembamba kwa wastani. Hata hivyo, hakuna hesabu ya kuaminika ya kusahihisha namba ya kila mtu. Tena wapo wanaopata glakoma presha yao ikiwa ya kawaida kabisa. Kwa hiyo ni lazima daktari autazame mshipa wenyewe nyuma ya jicho.

KAMATI IFANYE NINI?

1. Kabla ya kualika timu ya macho, ulizeni: je, mtaangalia na nyuma ya jicho, au mtapima presha tu?
2. Mgonjwa akigundulika, waiteni kaka, dada na watoto wake wapimwe. Ugonjwa huu hufuata ukoo.
3. Mwenye pumu amweleze daktari kabla ya kupewa matone ya timolol.
4. Mgonjwa asiache dawa kwa sababu haoni nafuu. Kazi ya dawa ni kulinda uoni uliobaki.
5. Tengeni nauli ya kurudi hospitali. Utafiti wa KCMC, Moshi, uliotolewa mwaka 2021, ulionyesha kuwa baada ya mwaka mmoja tiba ya mwanga wa leza ilifaulu kwa macho 61 kati ya 100, na matone ya timolol kwa macho 31. Lakini tiba hiyo haiwezi kumfikia asiye na nauli.

Kwa wafadhili wetu: kifaa kipya hupendeza kwenye picha, nauli haipigwi picha. Lakini mgonjwa aliyepimwa mara moja na kusahauliwa atapofuka, hata kama kifaa kilikuwa kizuri.

MASWALI YA KUJADILI

Ni nani katika jumuiya yetu aliyeambiwa "presha yako ni nzuri" na hajapimwa tena? Na nani atamsindikiza?