Ugawaji wa Anwani katika Mtandao wa Kompyuta Shuleni

Barua isiyo na anwani haimfikii mwenyewe. Kadhalika, katika mtandao wa kompyuta kila chombo sharti kiwe na anwani yake, isiyofanana na ya kingine chochote katika mtandao huo. Anwani ya aina iliyozoeleka huundwa kwa biti 32, nayo huandikwa kama namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, kila moja ikiwa kati ya 0 na 255. Kwa mfano 192.168.1.20.

Anwani yaweza kuandikwa kwa mkono katika kila kompyuta, lakini kosa la tarakimu moja laweza kuzipa kompyuta mbili anwani moja, na mawasiliano yake yakavurugika. Kwa sababu hiyo, mwaka 1993 ilitolewa kanuni ya mawasiliano iitwayo DHCP. Kwa kanuni hiyo chombo kimoja, aghalabu ruta, hufanywa mgawaji wa anwani.

Ugawaji huo una hatua nne. Kompyuta ikishachomekwa waya, hutangaza kwamba inahitaji anwani. Ruta hupendekeza anwani iliyo wazi. Kompyuta huiomba anwani hiyo. Mwisho, ruta huthibitisha na kuiweka katika orodha yake. Hata hivyo, anwani hiyo huazimwa tu kwa muda maalumu. Nusu ya muda ikipita, kompyuta ambayo bado imo mtandaoni huomba kuongezewa.

Ichukuliwe kwamba chumba cha kompyuta kina nyaya 40, na wanafunzi huja na kompyuta zao mpakato. Ruta imewekewa akiba ya anwani kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.149, yaani anwani 50, na muda wa kuazima ni saa 24. Asubuhi wanafunzi 40 wa Mkondo A huchukua anwani 40. Wakichomoa nyaya na kuondoka, ruta haina habari. Huendelea kuzihesabu anwani hizo kuwa zimeazimwa hadi kesho yake. Alasiri wanafunzi 40 wa Mkondo B hukuta anwani 10 tu. Wanafunzi 30 hukosa somo, ilhali nyaya ni nzima na ruta ni nzima. Mwalimu asiyejua sababu huenda akagharimia ruta mpya bure.

Ipo dalili ya kumsaidia. Kompyuta iliyokosa anwani mara nyingi hujipa yenyewe anwani inayoanza na 169.254. Anayeiona na ajue kwamba ombi la kompyuta hiyo halikupata jibu.

Dawa ni mbili, nazo hupatikana katika mipangilio ya ruta: kupanua akiba hadi 192.168.1.199, ili ziwe anwani 100. Au, ikiwa vipindi vya mikondo hiyo vimeachana kwa zaidi ya saa moja, kupunguza muda wa kuazima uwe saa moja.

Printa, ambayo anwani yake haifai kubadilika, iandikiwe anwani iliyo nje ya akiba, kama 192.168.1.10. Tena, mgawaji awe mmoja. Ruta ya pili ikiongezwa katika mtandao huo huo, ugawaji wake uzimwe, la sivyo kompyuta zitapewa maelekezo yanayopingana.

Zoezi

1. Akiba ya kuanzia 192.168.1.50 hadi 192.168.1.120 ina anwani ngapi? (Jihadhari: jibu si 70.)

2. Katika mtandao wa mfano, eleza kwa nini ni hatari kuiandikia printa anwani 192.168.1.105.