SOMO: ALAMA ZA ASKARI WA DAMU YA MBWA

Mbwa hulinda ghala la chama na zizi la mwanachama. Lakini mbwa asiyechanjwa aweza kuleta kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zake zikishatokea, ni nadra mno mgonjwa kupona. Yafaa basi wanachama waelewe chanjo inafanya kazi gani mwilini mwa mbwa.

Damu ya mbwa, kama ya binadamu, ina chembechembe nyeupe ambazo ndizo askari wa mwili. Nyingi hufanana zikitazamwa kwa hadubini. Hutofautishwa kwa protini zilizo juu ya ngozi yake, mithili ya vyeo begani mwa askari. Alama hizo huitwa CD na kupewa namba. Utaratibu huo ulianzishwa mjini Paris mwaka 1982 kwa chembechembe za binadamu, kisha ukatumika kwa mbwa.

Alama kuu ni hizi:

(a) CD3: huonyesha chembechembe T.
(b) CD4: T wasaidizi, wanaowaamsha askari wengine.
(c) CD8: T wauaji, wanaoangamiza chembechembe zilizoingiwa na virusi.
(d) CD21: chembechembe B, ambazo hukomaa na kutoa kingamwili.

Mbwa ana jambo lake la pekee. CD4 imo pia katika neutrofili zake, ambazo si chembechembe T. Kwa hiyo mpimaji hatosheki na CD4 peke yake, bali hutafuta na CD3, kama vile chama kisivyotoa fedha benki kwa sahihi moja.

Chanjo huingiza virusi vilivyouawa. T wasaidizi huvitambua na kuziamsha B, kingamwili hutengenezwa, na baadhi ya askari hubaki na kumbukumbu. Kinga hiyo hupungua kadiri muda unavyopita, ndiyo sababu chanjo hurudiwa kwa tarehe iliyo kwenye cheti. Dawa nayo hutunzwa katika ubaridi ulioagizwa, kwa kawaida nyuzi 2 hadi 8 za Sentigredi.

Kila katibu aweke daftari la mbwa wa wanachama na tarehe za chanjo. Ugonjwa huzuiliwa kuenea pale angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wanapochanjwa. Aliyeumwa na mbwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini CD4 peke yake haitoshi kumtambua T msaidizi wa mbwa?
2. Ni mbwa wangapi wa wanachama ambao tarehe yao ya chanjo imepita?