UMRI WAKO NI MIAKA MINGAPI?

Bismillahi Rahmani Rahim.

  

Siku hizi katika miji yetu, Bukavu, Kindu, Kisangani, hata Kasongo, vijana wetu wanafanya sikukuu ya kuzaliwa. Kuna gato, kuna mishumaa, kuna muziki mpaka majirani wanachoka. Mashehe wamekwisha kusema maneno yao juu ya jambo hilo, na karatasi hii haitayarudia. Sisi leo tunakuuliza jambo lingine. Wageni wakiisha kwenda, wewe unabaki na hesabu gani? Unasema umetimiza miaka 30. Miaka 30 ya kalenda gani? Na ndani ya miaka hiyo una deni gani kwa Mola wako?

Usione haya kama hujui siku yako. Wazee wengi hapa kwetu karata zao zimeandikwa mwaka tu, bila siku wala mwezi. Ukimuuliza mama, atakwambia ulizaliwa mwaka wa Simba, maana yake 1964, ao mwaka ule Nyiragongo iliposhusha moto ndani ya Goma, maana yake 2002. Mtume wetu (S.A.W.) naye kuzaliwa kwake kunatajwa hivyo hivyo: Mwaka wa Tembo, Abraha alipokuja na jeshi kuvunja Al-Kaaba. Hesabu ya miaka ya Hijra haikuwako bado. Aliyeiweka ni Seyyidna Omar (R.A.) wakati wa ukhalifa wake.

Lakini siku ya juma Mtume aliijua. Katika Sahihi Muslim, Abu Qatada (R.A.) anapokea kwamba Mtume aliulizwa juu ya kufunga Jumatatu, akajibu kwamba ni siku aliyozaliwa na siku aliyoteremshiwa wahyi. Basi tazama, ndugu: shukrani yake kwa kuzaliwa ilirudi kila juma, haikungoja mwaka, na aliifanya kwa kufunga.

Sasa tuje kwenye kalenda. Mwaka wa mwezi una siku 354 ao 355. Mwaka wa kizungu una siku 365 ao 366. Kila mwaka tofauti ni siku 11 hivi, na mtu mwenye miaka 33 ya kizungu amekwisha kutimiza 34 ya Hijra. Utasema, mwaka mmoja una neno gani? Una neno kubwa, juu dini inahesabu kwa mwezi. Saumu, zaka, eda ya mjane, hija, hakuna hata moja inayongoja mwezi wa kwanza wa kizungu.

Chukua umri wa balegh. Ibn Omar (R.A.) alijileta kwa Mtume siku ya Uhud akiwa na miaka 14, akarudishwa. Akajileta siku ya Khandaq akiwa na 15, akakubaliwa. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim, na kwa hiyo Imam Shafii anasema kijana asiyeona alama yoyote anakuwa mukallaf akitimiza miaka 15. Miaka 15 hiyo ni ya mwezi. Kwa hesabu ya kizungu ni miaka 14 na miezi sita na nusu hivi.

Weka mfano. Mtoto amezaliwa tarehe 15 mwezi wa tano 2010. Baba anangoja mwezi wa tano 2025 ndipo aseme, sasa mwanangu ni mkubwa. Kumbe mtoto ametimiza 15 ya Hijra mwanzo wa mwezi wa kumi na mbili 2024. Ramadhani ya 2025 iliingia mwanzo wa mwezi wa tatu. Kama mtoto yule alikuwa anakula mchana kwa sababu "bado mdogo", amekula Ramadhani nzima iliyokuwa faradhi juu yake, na anadaiwa. Na kama alama zilikuja mbele, ndoto kwa mvulana ao hedhi kwa msichana, hatungoji miaka kabisa.

Hapa ndipo tunapozungumza na dada zetu zaidi. Msichana akiona hedhi akiwa na miaka 15, na kila Ramadhani akaacha siku 7 bila kulipa, akifika 30 ana siku 105. Wengi wanaijua hesabu hii na wanaiogopa, kwa hiyo hawaigusi. Bibi Aisha (R.A.) alikuwa akichelewesha siku zake mpaka Shaabani, lakini Ramadhani nyingine haikumkuta na deni. Kwa madhehebu yetu, aliyechelewesha bila udhuru mpaka Ramadhani nyingine ikaingia analipa siku na kutoa kibaba cha chakula kwa kila siku.

Dada, siku 105 si mlima. Funga Jumatatu na Alhamisi kwa nia ya kulipa. Toa juma unazokuwa katika hedhi, toa mwezi wa Ramadhani, na mwaka mmoja utakupa siku 70 hivi. Ndani ya miaka miwili utakuwa umemaliza, pamoja na zile mpya zitakazoongezeka. Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba amali anayoipenda zaidi Allah ni ile inayodumu, hata ikiwa ndogo. Wewe bwana mwenye mke, usimwambie asifunge kwa sababu ya kupika mchana. Watoto wakubwa wanaweza kusonga bukari.

Wanaume wasifurahi. Kuna siku za safari ya Lubutu ao Uvira ulizokula ukasema utalipa. Kuna zaka ya duka ambayo mwaka wake ulikwisha siku 11 kabla ya ile hesabu ya kizungu uliyoandika ndani ya daftari. Kuna mahari nusu ambayo mama watoto anaingoja mpaka leo na ana haya kukuuliza.

Na mwenye kukaribia 40 asome Sura Al-Ahqaf, aya ya 15. Allah ametaja umri huo kwa hesabu, na akamweka mtu wa 40 katika dua: aweze kushukuru neema aliyopewa yeye na wazazi wake, atende jema linaloridhiwa, na atengenezewe kizazi chake. Ukitafuta mipango ya mwaka wako mpya, iko pale. Tena usingoje sana, juu 40 ya Hijra inaingia ukiwa na miaka 38 na miezi karibu kumi ya kizungu.

Mzazi mwenye mtoto wa miaka 13 ao 14, akilete cheti cha kuzaliwa baada ya swala ya Ijumaa. Tutageuza tarehe pamoja, na tutaiandika nyuma ya karatasi hii. Asiye na cheti alete mama ya mtoto. Na mwenye mtoto mchanga asisahau kumwandikisha kwenye ofisi ya serikali ndani ya siku 90.